Kabla ya kuteremkia Kwaraa, kikopo cha breki kifunguliwe

Tangu Fountain Gate waufanye Uwanja wa Tanzanite Kwaraa kuwa nyumbani, Babati imepata kitu ambacho zamani ilikuwa inakisikia redioni tu. Simba au Yanga wakija, barabara zote zinaleta watu: Arusha, Singida, Dodoma, Mbulu. Na kwenye msururu huo hazikosi gari za vijana, Altezza, Mark II GX100, Subaru Impreza yenye eksozi inayoamsha mtaa mzima.

Gari hizi ni nzuri, hilo halina ubishi. Lakini ni wazee. Altezza zilitengenezwa kuanzia 1998 na zikakoma 2005, kwa hiyo hata mdogo wao kabisa ameshavuka miaka 20. Mwenye nayo amenunua rimu, tairi pana, bendera ya kupeperusha dirishani. Akiulizwa mafuta ya breki yalibadilishwa lini, anacheka. Wengi wanayaongeza tu yakipungua, basi.

Hapo ndipo penye ishu, kwa sababu mafuta ya breki yanachoka. Aina zinazotumika kwenye gari nyingi, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, zinavuta unyevu kutoka hewani, polepole, hata gari likiwa limepaki. Maji yakishaingia, kiwango cha kuchemka kinashuka. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180.

Sasa dereva anatoka Mbulu, amebeba washkaji wanne, anateremka Magara huku mguu uko kwenye breki muda wote. Diski na pedi zinaiva, joto linapanda hadi kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, tofauti na kimiminika. Pedali inazama mpaka chini na gari haishiki. Dakika chache kabla ya hapo breki zilikuwa freshi kabisa, ndiyo maana watu hawaamini wakiambiwa.

Si jambo geni ukanda huu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na njia za huku Mbulu zilikuwa na jina baya kwa madereva. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyomaliza mashindano yale. Barabara za leo ni nafuu mno ukilinganisha na wakati ule, ila mlima haujapungua hata mita moja.

Kwenye vijiwe vya Nakwa, ambako mjadala wa penalti na mjadala wa injini vinakaa benchi moja, kuna hoja inayopendwa sana: dawa ni kununua mafuta ya mashindano, yale ya chupa ndogo bei kubwa. Hoja ina nusu ya ukweli. Motul RBF 600, kwa mfano, inachemka kwenye nyuzijoto 312 ikiwa mpya. Namba tamu. Lakini ikishapata maji inashuka hadi karibu 205. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia kwanza, kama kocha anavyomwangalia mchezaji dakika ya 85 na si wakati wa kupasha misuli. Tena timu za mashindano hazikai na mafuta hayo mwaka mzima. Wanayamwaga mara kwa mara. Mtu wa Nakwa anayenunua chupa hiyo mara moja halafu akakaa miaka minne amelipia jina tu.

Kwa Altezza ya kwenda kazini Jumatatu na uwanjani Jumapili, chaguo la akili ni DOT 4 mpya, chupa ambayo haijafunguliwa, ibadilishwe yote kila mwaka au isizidi miaka miwili. Kifuniko cha Toyota nyingi za umri huo kimeandikwa DOT 3, na DOT 4 inaingia humo bila tatizo. Anayeshinda milimani na mzigo anaweza kupanda hadi 5.1. Chupa iliyokaa nusu kwenye rafu la gereji tangu msimu uliopita, hata ikiwa ya bure, ikataliwe.

DOT 5 isiyo na pointi moja ni kitu kingine kabisa. Ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na haifai kwenye gari lenye ABS. Nukta moja tu kwenye chupa, na watu wanaikosea. Kosa baya zaidi ni la neno lenyewe: kwa kuwa tunaita mafuta, kuna anayemimina haidroliki ya usukani au oili ya injini. Hizo zinavimbisha mipira ya masta silinda na ya kwenye magurudumu, na baada ya hapo breki nzima inadai kufumuliwa.

Na gari la zamani lisihukumiwe kwa chupa peke yake. Mipira ya miaka 20 ikatizamwe, paipu za mpira zilizopasuka zibadilishwe, fundi atoe mafuta machafu gurudumu moja baada ya jingine mpaka yatoke masafi, na atoe upepo wote. Yakidondoka kwenye bodi yaoshwe hapohapo kwa maji, maana yanakula rangi.

Mteremkoni gia ndiyo ifanye kazi, namba mbili au tatu, breki iguswe kwa vipindi. Pedali ikianza kuwa laini, au harufu ya kuungua ikiingia ndani, gari lisogezwe pembeni lipoe, watu washuke. Likishapoa pedali itarudi kuwa ngumu na abiria watasema twende. Dereva asiondoke mpaka fundi afike, hata kama kwenye simu wanasema Kwaraa mpira umeshaanza.