Geuza Sabufa Uitazame Mgongo

Namba 5.1 inayochapwa kwenye maboksi ya sabufa tunazouziwa Arusha haina maana yoyote mpaka uigeuze sabufa yenyewe na kuitazama mgongo. Nimechoka kusikia vijana wa Ngarenaro na Sakina wakiambiwa kwamba kusikia gemu kwa pande zote ni mambo ya wenye hela, halafu walewale wanaosema hivyo wanawauzia, kwa hela hizohizo, boksi la spika tano zinazosema neno moja.

Tuanze na wati, maana uongo huanzia hapo. Boksi limeandikwa wati 10,000. Birika la umeme la kuchemshia chai hula kama wati 2,000. Kwa hiyo tunaambiwa kisanduku cha mbao chenye taa za rangi, kilichokaa chini ya runinga, kinakula umeme wa mabirika matano kwa mpigo, na uniti za LUKU zinakitazama tu. Geuza. Kile kibandiko kidogo cha kiwandani ambacho hakuna anayekisoma kitakutajia wati makumi kadhaa. Kama mbele wamedanganya wati na nyuma wameungama, basi na hiyo 5.1 ya mbele tuikague kwa nyuma.

5.1 ni njia sita za sauti: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na ya sita ya besi. Kila njia ina habari zake. Nyuma ya sabufa nyingi za madukani utakuta matundu mawili ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Zinaingia njia mbili, zinagawiwa spika tano. Adui akikunyatia kisogoni, utamsikia mbele na nyuma kwa wakati mmoja, yaani hujamsikia popote. Ni kama mhubiri wa mkutano wa injili uwanjani: umfungie spika tano au ishirini, bado ni mhubiri mmoja.

Sasa kuna kitu kingine ambacho wauzaji wetu wanakidharau, nacho ni spika za kompyuta. Zile za 5.1 za kweli, za mtumba, hazina rimoti wala mahali pa kuchomeka flashi, na rangi yake ni nyeusi ya ofisini. Lakini zina pini tatu ndogo, sawa na ya hedifoni: kijani ya spika za mbele, nyeusi ya spika za nyuma, na chungwa ya katikati na besi. Kila pini inabeba njia mbili. Zangu nilinunua shilingi 120,000 kwa mtu aliyekuwa anaziuza kama mbovu, kwa sababu alichomeka pini ya kijani peke yake kwenye simu, zikalia mbili, akahitimisha kwamba nyingine zimekufa. Kabla ya kulipa niliangalia jambo moja tu: kibandiko cha umeme. Mtumba wa Japani ni wa volti 100 na wa Marekani ni wa volti 120. Ukiuchomeka kwenye ukuta wetu wa 230 bila transfoma ya kushusha umeme, utanusa moshi kabla hujasikia sauti.

Hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu PlayStation haina tundu la kijani, jeusi wala la chungwa. PS4 ya kwanza, ile nene ya 2013, ina tundu la optiko nyuma, linalopitisha sauti kwa mwanga mwekundu. Waya huo hauwezi kubeba njia sita zikiwa zimejiachia. Lazima zibanwe kwanza kwa mtindo wa Dolby au DTS, kisha upande wa pili pawe na mtu wa kuzikunjua. Mtu huyo ni dikoda, kisanduku kidogo kuliko kiberiti cha familia mbili. Picha inaendelea kwenda kwenye runinga kwa waya wa HDMI kama kawaida. Sauti inatoka kwa optiko, inaingia kwenye dikoda, inatoka kwa matundu matatu na kuzikuta zile pini tatu. Chagua dikoda yenye matundu madogo matatu. Yenye matundu sita ya AV nayo inafaa, ila itakudai viunganishi.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya sauti ya PS4. Chagua njia ya kutolea sauti iwe optiko, weka alama kwenye Dolby 5.1, na pale palipoandikwa Linear PCM pabadilishe pawe Bitstream ya Dolby. Ukiacha Linear PCM, waya wa optiko utapitisha njia mbili tu, na utamlaumu fundi bure. Nimeona dikoda nzima ikirudishwa dukani kwa ajili ya mstari huo mmoja wa menyu.

Dikoda ilinigharimu shilingi 45,000 na waya wa optiko 8,000. Jumla na spika ni 173,000. Sabufa mpya yenye taa niliyoiulizia mjini, yenye matundu mawili, ilikuwa 280,000.

Wenzangu darasani, kule Tengeru ninakosoma, wananiuliza kama huu ndio uzamili wenyewe, kuchomeka waya. Sawa. Lakini wao ndio wanaojua kusoma kibandiko, na kaka zao na wadogo zao ndio wanaouziwa wati 10,000.

Kampuni nazo hazijasalimika. PS2 ilitoka mwaka 2000 ikiwa na tundu la optiko. PS4 Slim ya 2016 ikalinyofoa, na PS5 ya 2020 ikaja bila hilo tundu. Wanasema HDMI inatosha, na ni kweli kwa aliyenunua amplifaya mpya. Sisi wengine inatubidi tuweke katikati kifaa cha kuitenga sauti na HDMI, kitutolee optiko, tena kiwe na swichi ya kuchagua 5.1, vinginevyo kitakupa mbili zilezile. Matokeo yake, kuna watu Njiro wana PS5 na wanasikiliza kupitia spika za runinga zinazotazama ukuta, wakati mwenye PS4 nene ya mtumba anasikia risasi ikimpita sikioni.

Najua watakachosema. Kwanza, kwamba kwenye vibanda vya gemu watu wanacheza mpira, na mpira hauhitaji spika za nyuma. Nakubali kabisa, kwa mpira utapata kelele za jukwaani mgongoni, basi. Mwenye kibanda, okoa hela yako. Pili, kwamba hedifoni nzuri ingemaliza kazi. Kwa mtu anayeishi peke yake, ndiyo. Nyumbani kwetu padi ni mbili, watazamaji ni watano, na mama akiita lazima asikike.

Tatu, kwamba ni anasa. Hapa sikubali hata kidogo. Mdogo wangu ana ualbino, na macho yake yanaona kwa karibu tu. Kwenye runinga anakaa umbali wa mkono. Kibanda cha mtaani kwetu walikuwa wanamfukuza, "dogo, unatuzibia," na mwenye kibanda akamwambia aje asubuhi ambapo hakuna wateja. Kwa spika mbili, kila kitu kilichokuwa nje ya kile kipande cha skrini alichoweza kukisoma hakikuwepo. Kwa sita, anajua mlango uliofunguka ni wa nyuma kushoto kabla mimi sijauona. Waliotengeneza The Last of Us Part II ya 2020 waliweka alama za sauti ili hata asiyeona kabisa aweze kuicheza. Walijua masikio yanafanya kazi gani. Muuzaji aliyeniambia dukani kwake kwamba "sauti ni mbwembwe, kaka, watu wanataka taa" hakujua, na hakutaka kujua.

Sebule yetu ni ndogo, ukuta wa nyuma ni wa jiko, kwa hiyo spika mbili za nyuma nimezipigilia juu ya mlango. Juzi mdogo wangu ameniomba ile ya kulia niishushe usawa wa masikio yake, kwa sababu, kasema, maadui wa upande huo wanasikika kama wako darini wanatafuta panya.