Kisu cha trekta cha vyuma chakavu: faida ipo, lakini asili ya chuma ndiyo kesi

MBALE, Uganda — Mfanyabiashara anayenunua vyuma chakavu mashariki mwa Uganda ana njia mbili. Ya kwanza ni kuvipakia kwa uzito na kuvipeleka viwanda vya kuyeyusha, Jinja ikiwa moja ya vituo vya zamani vya kazi hiyo. Ya pili ni kuchambua vipande vizuri na kumpa fundi avigeuze kuwa zana. Katika Divisheni ya Viwanda, moja ya divisheni mbili za Jiji la Mbale tangu lipewe hadhi hiyo Julai 2020, njia ya pili inastahili kutazamwa kwa makini.

Mfano ni kisu cha trekta, yaani bamba linalofungwa nyuma ya trekta kukwangua na kusawazisha udongo. Kazi zake si haba: majaruba ya mpunga ya Doho yanahitaji usawa, na barabara za vumbi huharibika kila msimu wa mvua. Wasafirishaji hawajasahau mafuriko ya Mbale ya mwishoni mwa Julai 2022.

Si kila chuma kinafaa. Vyuma vya kawaida vya ujenzi vina kaboni kidogo. Makali yake huisha upesi hata vikichovywa vikiwa vyekundu. Springi za lori zina kaboni ya kutosha, kwa hiyo hukubali kutiwa ugumu: hupashwa moto, huzimwa katika oili, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo zisivunjike kama kioo. Kisu kilichochakaa cha greda nacho ni malighafi nzuri. Mnunuzi na aulize pia kama makali yamefungwa kwa bolti. Springi iliyochomelewa bila kupashwa moto kwanza hupata ufa pembeni mwa weldi, na makali ya bolti hubadilishwa bila kutupa bamba zima.

Hata hivyo, tatizo kubwa haliko karakanani, bali katika asili ya chuma. Reli na vyuma vya nguzo za umeme navyo hufika sokoni kwa jina la chakavu. Kenya ilitunga Sheria ya Vyuma Chakavu mwaka 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni. Januari 2022, baada ya nchi kukosa umeme na nguzo kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, na haikufunguliwa hadi Mei mwaka huo. Uganda nayo ilirekebisha sheria yake ya umeme mwaka 2022 na kuongeza adhabu kwa wahujumu. Funzo ni wazi: tamko la siku moja linaweza kufunga soko la anayetegemea chakavu tupu, wakati zana iliyokamilika ni bidhaa nyingine.

Mpakani Malaba na Busia zana hiyo ina nafasi. Kanuni za asili za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatambua bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi mwanachama, na mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani inaweza kupita kwa utaratibu rahisi, mradi bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Iangalie orodha hiyo kabla ya kukodi gari.

Lakini tusijidanganye. Mitambo mingi ya kilimo kutoka nje ya Jumuiya huingia kwa ushuru wa asilimia 0, hivyo fundi wa Mbale hana ukuta wa kumkinga dhidi ya India na China. Silaha zake ni ukaribu, matengenezo ya haraka na kisu kinachopimwa kwa trekta ya mteja mwenyewe.

Kwa hiyo mfanyabiashara adai risiti ya kila rundo la chuma, ikionyesha aliyeuza na kilichouzwa. Msafirishaji naye asipakie chuma kisicho na karatasi, maana mzigo wa wizi ukikamatwa, lori nalo hushikiliwa. Bei rahisi ya reli iliyong'olewa ni ghali kuliko springi iliyonunuliwa kihalali.