Kanda Isiyolalamika Ndiyo ya Kuogopa

Wasomaji wangu, najua ukitaja kanda hapa Kisumu watu wanakumbuka benga la D.O. Misiani. Lakini ziko ofisi ambazo bado zinaweka nakala rudufu za seva zao kwenye kanda, na mimi siwacheki. Kanda iliyotolewa kwenye mashine ikafungiwa kabatini haiguswi na mdukuzi. Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, Google walizirudisha kutoka kwenye kanda. Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilikokota. Nakala iliyo kabatini kwako haijali mambo hayo.

Kwa hiyo sina ugomvi na kanda. Ugomvi wangu ni tabia yetu: mashine ikilalamika, tunalaumu kanda, ikinyamaza, tunafunga ofisi na kwenda nyumbani. Yote mawili si sawa.

Tuanze na malalamiko. Ukiona "Input/output error", usikimbilie kununua kanda mpya. Andika dmesg usome mfumo umesema nini. Kagua kebo. Safisha kichwa cha mashine kwa kanda ya kusafishia. Kisha jaribu kanda nyingine: kosa likibaki, mashine ndiyo mgonjwa, likiondoka, kanda ndiyo mbovu. Huku kando ya ziwa hewa ina unyevu, hivyo kanda iliyotoka chumba chenye baridi kali iache kwanza izoee joto.

Kosa lingine linalodanganya watu kwenye Linux ni "Cannot allocate memory" unaposoma kanda. Mtu anafikiri seva imeishiwa RAM. Mara nyingi maana yake ni kwamba data iliandikwa kwa vipande vikubwa kuliko vile unavyosomea. Programu ya tar kwa kawaida hutumia vipande vya baiti 10,240. Kama aliyeandika alitumia baiti 65,536, nawe soma kwa tar -b 128, na huenda kosa likaisha bila kutumia hata shilingi moja.

Sasa tuje kwenye kimya, ambacho mimi nakiogopa zaidi. Kwenye Linux mashine moja ya kanda ina majina mawili: /dev/st0 na /dev/nst0. Ukitumia la kwanza, kanda hurudi mwanzo yenyewe kila kazi inapoisha. Ukitumia la pili, hubaki ilipofika. Sasa chukua hati inayohifadhi hesabu za wanachama wa sacco, halafu barua pepe, zote kwa st0. Barua pepe zitaandikwa juu ya hesabu. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Ripoti ya asubuhi itasema kila kitu ni safi, na itakuwa imesema hivyo mwaka mzima siku seva itakapokufa.

Ndiyo maana nasema ripoti ya "imekamilika bila makosa" isikubaliwe kama ushahidi. Ushahidi ni faili iliyorudishwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inazungumzia uwezo wa kurejesha data baada ya ajali, si uwezo wa kuihifadhi tu.

Najua mtaniambia hamna muda wala seva ya ziada. Sawa. Kila Ijumaa chagua faili moja, irudishe kwenye folda tofauti, ilinganishe na ile halisi kwa diff. Haihitaji bajeti. Na angalau mara moja kwa mwaka isome kanda kwenye mashine nyingine, maana kichwa kilichopinda huweza kusoma maandishi yake chenyewe huku mashine nyingine zikishindwa.

Kama kazini kwenu kuna kanda, Jumatatu muulize anayehusika: mara ya mwisho kurudisha faili ilikuwa lini? Akikujibu kuhusu kuhifadhi, rudia swali.