Likizo Bila Mapumziko Si Likizo

Nimefundisha jiografia kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo wote nimeisomesha mito mikubwa ya dunia bila haya yoyote. Haya hiyo ilinishika mwaka jana, nikiwa mbali na nyumbani.

Katika likizo ya Agosti, dada yangu na shemeji walinialika kwao Marekani, katika jimbo la Missouri. Walikuwa wamekodi gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, nyumba kamili juu ya magurudumu. Tuliliegesha chini ya miti kando ya mto Mississippi, maili chache kaskazini ya mji wa Hannibal, tukakaa siku nne.

Sikufanya lolote la maana siku hizo, au ndivyo nilivyodhani. Asubuhi nilinywa chai nikitazama meli fupi yenye nguvu ikisukuma matishari 15 yaliyofungwa pamoja, yamesheheni nafaka. Alasiri tulivua samaki. Usiku tulikoka moto tukasikiliza maji.

Hannibal ndiko alikokulia Samuel Clemens, ambaye kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri alikuwa rubani wa meli za mvuke katika mto huo. Jina lake la uandishi, Mark Twain, lilitokana na mwito wa mabaharia waliopima kina kwa bildi. Maana yake ni pima mbili, takriban mita 3.7, kina ambacho meli ingepita salama. Pima ni kipimo cha mabaharia wetu wa Lamu na Mombasa pia. Neno hilo nimelisoma katika kamusi tangu ujana wangu, lakini nililielewa siku ile niliposimama ukingoni nikayaona maji mapana yasiyoonyesha vina vyake.

Usiku wa tatu mpwa wangu, mtoto wa miaka kumi, aliniuliza, "Mjomba, mto mkubwa wa kwenu ni upi?" Nikamjibu kwa ufasaha wa mwalimu: ni Tana, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, unaoanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Nikamtajia na mabwawa yanayotupa umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Akaniuliza tena, "Na wewe hulala wapi ukienda huko?"

Nikanyamaza. Mto Tana nimeuona mara moja tu, kupitia dirisha la basi, katika daraja la Garissa.

Ikiwa mwalimu ni hivyo, mwanafunzi atakuwaje? Kila wiki watoto wetu husimama mbele ya bendera na kuimba wimbo wa taifa. Ni wangapi wanaojua kwamba sauti ya wimbo huo ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa kandokando ya Tana? Ni wangapi watakaoujua mto huo kwa njia nyingine isipokuwa mstari wa buluu katika ramani?

Sababu yake haijifichi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, lakini masomo hayo yangali yanaendelea, na wazazi wanayalipia. Nami sijitoi katika lawama hii, kwa maana nimewahi kuyafundisha. Nimewaona wanafunzi wakisinzia madawatini mwezi wa Agosti, nikawaita wavivu, ilhali walikuwa wamechoka tu.

Najua nitajibiwa kwamba mtihani haumngojei mtu, na kwamba mtoto asiye na shughuli huharibika. Nitaambiwa pia kwamba gari la namna ile ni anasa ya matajiri. Naam, gari ni anasa, lakini ukingo wa mto si anasa. Shule zetu nyingi haziko mbali na Tana, Athi, Nzoia au Yala. Hema kuukuu, sufuria, unga na walimu wawili wenye moyo vyatosha kwa siku mbili. Bila shaka mito yetu ina mamba na viboko, na mafuriko ya mwaka 2024 yalituonyesha ukali wa Tana. Kwa hiyo kambi ipigwe wakati wa kiangazi, mbali na maji, pamoja na mwenyeji anayeyajua mazingira hayo.

Wala safari hiyo isigeuzwe darasa jingine. Mwanafunzi asipewe maswali ya kujibu. Aachwe akae, atazame na kupumzika, na maswali atakuja nayo mwenyewe. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Kwa upande wangu, likizo ijayo sitaingia darasani. Nimekwisha kumwandikia mpwa wangu kwamba nitalala karibu na Tana, na kwamba safari hii nitakapoulizwa, nitakuwa na jibu.