Maji Huchemshwa, Tangi Je?

Mtoto anayeharisha anapofikishwa katika zahanati ya nyanda za juu za Kigoma, iwe Muyama, Kasulu au Kibondo, mama huulizwa maswali yaliyozoeleka: ameharisha mara ngapi, choo kina damu, ananyonya, na je, maji ya kunywa huchemshwa? Kisha hupewa dawa ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, hufundishwa namna ya kuvitumia, na hurejea nyumbani. Swali moja husahaulika: maji hayo huhifadhiwa katika chombo gani, na chombo hicho kilisafishwa lini? Kwa kukosa swali hilo, mtoto aliyetibiwa vema huweza kurudishwa kwenye pipa lilelile lililomwuguza.

Mkoa wa Kigoma hauhitaji kufundishwa athari ya maji machafu. Mwezi Mei 2015, kipindupindu kilizuka Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, miongoni mwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi, na watu wapatao 30 walipoteza maisha. Somo la mwaka ule lilihusu zaidi chanzo cha maji. Lipo somo la pili, lisilo na kishindo, nalo lahusu safari ya maji kutoka bombani hadi mdomoni.

Somo hilo lilipimwa mwaka 1993 katika kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Baadhi ya kaya zilipewa ndoo zenye mdomo mwembamba na mfuniko, ambazo mkono hauwezi kuzamishwa ndani yake. Nyingine ziliendelea na ndoo za kawaida. Chanzo cha maji hakikubadilishwa. Hata hivyo, vijidudu vitokanavyo na kinyesi vilipungua kwa asilimia 69 katika maji ya ndoo mpya, na kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa takriban asilimia 31, ingawa tofauti hiyo ya pili ilikaribia tu kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Kilichobadilika ni chombo, na chombo pekee.

Sababu yake haina fumbo. Maji yakikaa, tope hutuama chini, na kuta za ndani huota utando unaoteleza ambamo vijidudu hujificha. Klorini inayotiwa humo hutumika kwanza kupambana na tope na utando. Kinachosalia kwa ajili ya kulinda maji huwa kidogo au hakipo kabisa. Ndiyo maana kuongeza dawa katika tangi chafu ni sawa na kupaka marashi juu ya kidonda kisichooshwa. Usafi hutangulia, dawa hufuata.

Inastaajabisha kwamba jambo hili lafahamika vizuri pale panapohusu starehe. Hoteli yenye bwawa la kuogelea hupima klorini na uchachu wa maji mara kwa mara, huchuja takataka na husugua kuta, kwa kuwa wageni watajitosa humo. Tangi ambalo familia nzima hunywa maji yake laweza kumaliza miaka bila kufunguliwa. Maji ya kuogea yana mlinzi. Maji ya kunywa hayana. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, na vyombo vya watumia maji vya vijiji hushughulikia chanzo, bomba na kituo cha kuchotea. Baada ya ndoo kujitwikwa kichwani, hakuna anayeulizwa. Pengo hilo ni la sekta ya afya kuliziba.

Watasema baadhi kwamba maji ni haba, na kumwaga tangi ni ubadhirifu. Hoja hiyo ina uzito, lakini msimu wenyewe huijibu. Kiangazi kinapoelekea ukingoni, kabla ya mvua za Oktoba na Novemba, matangi mengi ya maji ya mvua huwa karibu kuisha. Hapo ndipo mahali pa kusugua kuta kwa brashi na sabuni, kutoa tope, kusuuza, na kusafisha paa pamoja na mifereji yake. Kisha tangi hujazwa maji safi na kutiwa gramu 80 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000, huachwa saa 24, na maji hayo humwagwa yote mbali na kijito na bustani. Maji hayo hayanywewi kamwe. Asiingie mtu tangini peke yake, wala klorini isichanganywe na dawa ya kusafishia choo, kwani mvuke wake huua. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa kabla ya kuelekezwa tangini. Ndoo na madumu ya ndani hayangoji msimu: huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kila yanapokwisha maji, hufunikwa, na maji humiminwa badala ya kuchotwa kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono.

Hata hivyo, zahanati haiwezi kudai kwa wengine kile isichokitenda. Tangi la kituo ndilo huosha mikono ya mkunga na kuchanganyia dawa ya chumvichumvi. Ni haki ya mgonjwa kuona ubavuni mwake tarehe lilipooshwa na tarehe litakapooshwa tena, kama aonavyo tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye chupa ya dawa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaofika hadi majumbani, nao waombe kwa heshima kuonyeshwa chombo, badala ya kuridhika na jibu la mdomo.

Swali la kuchemsha maji liendelee kuulizwa. Lakini lifuatwe na lile la pili, liandikwe katika maelezo ya mgonjwa, na mama apewe nafasi ya kuuliza vilevile: tangi la hapa, je, lilioshwa lini?