Mashine ya kuchua mwili si daktari

Hapa Ufipa, baridi na kazi ya jembe hutuachia maumivu ya mgongo na magoti. Wapo wazee wetu wanaoswali kitini kwa kushindwa kusujudu. Basi mtu akioneshwa mashine ya umeme ya kuchua mwili, ile inayotetemeka, akaambiwa inasafisha damu na kumwinua aliyepooza, hutoa pesa ya mahindi bila kuuliza. Tuulize, maana madai haya ni ya zamani.

Mwaka 1869 daktari George Taylor wa Marekani alibuni mashine ya kuchua iliyoendeshwa kwa mvuke. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Joseph Mortimer Granville wa Uingereza akabuni ya umeme wa betri, kwa maumivu ya misuli na neva. Huko Paris, bingwa wa neva Jean-Martin Charcot aliambiwa na wagonjwa wake wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, kuwa wakisafiri mwendo mrefu kwa treni hupata nafuu. Akatumia kiti kinachotikisika, na mwaka 1892 akaeleza kuwa kinawasaidia.

Je, ni kweli? Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walilinganisha wagonjwa waliokalia kiti chenye mtetemo na waliokalia kisicho na mtetemo. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti haikuonekana. Kumbe kupumzika na kutumaini navyo huleta nafuu.

Wafanyabiashara hawakusubiri utafiti. Mwanzoni mwa karne ya 20 matangazo ya Marekani yalidai kuwa mashine hizi hutibu hata uziwi. Mwaka 1915 jarida la chama cha madaktari wa huko likaonya kuwa biashara hiyo ni udanganyifu.

Hatusemi mashine haina faida. Misuli iliyochoka kwa kulima hupata wepesi kwa muda. Lakini wepesi si kupona, na kuna mahali mashine hudhuru:

1. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, usiuchue. Huenda damu imeganda mshipani, na bonge likichomoka huenda mapafuni na kuua.

2. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi hasikii akiungua au akichubuka.

3. Mjamzito, aliyevunjika mfupa, au mwenye kifaa cha moyo asiitumie bila ushauri wa daktari.

4. Mdomo ukipinda ghafla, au mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, huenda ni kiharusi. Si wakati wa mashine, wala wa kutafuta nani karoga. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani kila dakika ubongo unakufa.

Muuzaji akidai kifaa chake kinatibu, muulize kama kinatambuliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Akibabaika, rudisha pesa mfukoni.

Kwa uchovu wa kawaida, maji ya moto, mafuta ya alizeti na mikono ya mtoto anayemchua mzazi wake vinatosha, na ndani yake mna wema. Pesa iliyobaki iwe nauli ya kumfikisha mzee hospitali ya mkoa, Sumbawanga, akapimwe magoti. Huenda akarudi kusujudu, inshaallah.