Filamu Yetu Isiwe Mgeni Kwetu

Wiki hii wananchi wa mji wetu, wazee kwa vijana, walijaa ukumbini kutazama filamu ya "Zamboanga", iliyoongozwa na Eduardo de Castro mwaka 1937. Kwa miaka mingi filamu hiyo ilidhaniwa kuwa imepotea kabisa, hadi nakala yake ilipogunduliwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Tunawapongeza wote walioiwezesha kuonekana na watu wa visiwa inavyovihusu.

Hata hivyo, furaha hiyo imechanganyika na fedheha. Mwaka 1919 José Nepomuceno alitoa "Dalagang Bukid", filamu ya kwanza ndefu ya Mfilipino. Leo haipo. Filamu za kabla ya Vita Kuu ya Pili zilizosalia nzima zinahesabika kwa vidole. Nyingine ziliteketea vitani. Nyingine ziliharibiwa na joto, unyevu na uzembe. Vita hatukuweza kuvizuia, uzembe tunaweza.

Wala tusiitazame "Zamboanga" kwa macho yaliyofumbwa. Hadithi hii ya mzamia lulu, aliyeigizwa na Fernando Poe, na mchumba wake, aliyeigizwa na Rosa del Rosario, ilitengenezwa na kampuni ya Wamarekani waliokuwa Manila. Humo Waislamu wa kusini wanaonyeshwa zaidi kama watu wa ugomvi na utekaji. Hiyo si sura yetu kamili. Lakini bahari ile, vyombo vile vya matanga na ustadi ule wa kuzamia ni urithi wetu. Wanaoweza kutenga la kweli na la kubuniwa ni wazee wetu, nao hawatungojei milele.

Kwa hiyo tunaiomba serikali mambo matatu. Kwanza, hifadhi ya filamu ya taifa, iliyoanzishwa upya mwaka 2011, ipewe fedha za kutosha na vyumba vya ubaridi na ukavu. Pili, filamu hii ipelekwe visiwani kote, isiishie mijini. Tatu, kila inapoonyeshwa, maelezo ya wazee yarekodiwe na kuwekwa pamoja nayo.

Nao wananchi wenye mikanda ya zamani majumbani wasiiache ioze. Waikabidhi kwa wataalamu mapema.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haifai wajukuu wetu wavuke bahari kwenda kuutafuta urithi ambao sisi tungeweza kuwatunzia hapa hapa nyumbani.